Nina laki nane, Mark X yangu ya oto niiongeze nini ipate pawa?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Kigoma, Mwanga. Nina Mark X ya 2006, GRX120 ile ya cc 2500, giaboksi ya oto. Nimetenga laki nane niipe pawa kidogo. Rafiki yangu kachomeka kile kiboksi cha chini ya usukani anasema gari imekuwa nyepesi, na kuna fundi kaniambia nitoe masega, yale ya kusafishia moshi kwenye ekzosi, niweke mafla ya mlio. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Hilo la kiboksi naulizwa kila wiki hapa Tabora, vijana wanauziwa kama njugu, na linaniudhi kwa kweli maana pesa inayoliwa pale ndiyo ingenunua oili ya giaboksi.

Mi nimeshafungua vitatu. Kimoja kinauzwa cha pawa, kingine cha kubana mafuta, ndani kitu ni kilekile. Ile soketi ya kupimia gari, ndiyo kinapochomekwa, ina pini 16, pini ya 16 ni umeme wa betri moja kwa moja, ya 4 na ya 5 ni athi, halafu maongezi na kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, yanapita pini ya 6 na 14, au ya 7 kwa magari ya zamani kidogo. Vile nilivyofungua mimi, umeme na athi vimeungwa kuwasha vitaa, pini za maongezi haziendi popote. Sasa kitu kisichoongea na kontrolboksi kinaibadilishaje? Rafiki yako anasikia wepesi kwa sababu aliambiwa achomoe betri kwanza, kontrolboksi ikasahau ilivyozoea ikaanza kujifunza upya, na yeye mwenyewe ameshalipa kwa hiyo anakanyaga zaidi.

Kuprogramu kweli kupo, sikatai. Mtu anasoma faili lote la kontrolboksi, anagusa mafuta na taiming ya cheche za plagi, anaendesha huku anaangalia injini isigonge, anarudi anarekebisha tena. Hata ikifanywa vizuri, injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa, kama yako inapata kidogo sana, wanaofaidi ni wenye tabo kwa sababu kule unaongeza msukumo wa hewa. Yako inavuta hewa iliyopo tu. Sisi Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar kwa karibu asilimia 10 na pawa inapungua karibu hivyohivyo, nyie huko ziwani mko mita 770 na kitu mna nafuu. Kiboksi hakiwezi kuleta hewa ambayo haipo.

Masega nayo, kuyatoa kwenye gari ambayo haijaziba unapata kelele na taa ya injini kwenye dashibodi, maana sensa ya nyuma inaona moshi haujasafishwa. Kama unahisi yameziba, yaani gari inavuta mwanzo halafu inakuwa kama imeshikwa, yapimwe kwa geji ya presha kabla mtu hajashika grainda.

Injini yako ilitoka kiwandani na hospawa 215. Baada ya miaka yote hii huna 215, na laki nane yako ikarudishe zilizopotea. Anza na giaboksi. Hiyo haina stiki ya kupimia, inapimwa kwa nati ya chini injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto la karibu nyuzi 40, na inataka oili ya Toyota iliyoandikwa WS, sio haidroliki yoyote nyekundu iliyopo dukani. Fundi akikuwekea T-IV, ile oili ya giaboksi za zamani, akasema zote ni Toyota, chukua funguo zako uondoke. Gari ya oto ikiwa na oili iliyochoka inachelewa kubadilisha gia, inateleza, na wewe unadhani injini ndiyo imeisha.

Kisha valvu. Hiyo injini yako, 4GR, inapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, petroli haigusi valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo kaboni inajijenga pale hadi injini inatetemeka ikiwa imesimama. Ile dawa ya kumwaga kwenye tenki haitafika kwenye valvu hizo hata umwage chupa kumi. Manifoldi inatolewa, valvu zinasafishwa kwa mkono, kazi ya siku nzima na inachafua, ndiyo maana wengi wanapenda kuuza chupa. Hapohapo badilisha plagi, safisha throto na sensa ya hewa, weka eakilina mpya ya kawaida. Ile ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya kwenye boneti pamoja na vumbi la kiangazi.

Inayobaki iende kwenye matairi na pedi za breki. Tairi soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Nimeona gari limefungwa mafla ya bei kubwa, matairi yana miaka tisa na yamepasuka pembeni, mwenyewe anataka kulikimbiza kule Malagarasi. Na rimu kubwa nzito usiweke, oto inazidi kuwa nzito kuondoka.

Mafundi wenzangu mnaouza hivyo viboksi, mnajua kabisa. Mteja akiwaletea gari inayoteleza gia mnamchomekea taa, anarudi baada ya miezi miwili giaboksi imeungua anaambiwa anunue ya mtumba, na kiboksi bado kinamulika mle chini.

Na kama tayari unacho, kichomoe leo. Pini ya 16 ina umeme hata funguo ukiwa nayo mfukoni, gari ikilala siku kadhaa bila kuwashwa kinaendelea kunyonya betri.