Shanga za karatasi kutokana na kalenda kuukuu

Dada, umeuliza utengeneze nini kwa kalenda za zamani na vipande vya kitenge ulivyopewa na fundi cherehani, bila kununua vifaa vya gharama. Ningeanza na shanga za karatasi, kazi ambayo akina mama wengi wa Uganda wameifanya kuwa biashara, kwa sababu karatasi nzito ya kalenda hutoa shanga ngumu kuliko ya gazeti. Chora pembetatu nyembamba zenye kitako cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 30, uzikate, kisha uviringishe kila moja kwenye spoku ya baiskeli kuanzia kitakoni. Ncha ikibaki katikati katika kila mzunguko, shanga hutoka na tumbo zuri, lakini ikienda upande hata kidogo, itapinda.

Gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito inatosha, ingawa haifai kulazwa siku nyingi, kwani huchacha, na mende huipenda mno. Mimi niliwahi kupaka vanishi shanga zikiwa bado na unyevu, nazo zikaota ukungu, kwa hiyo zianike hadi zikauke kabisa, ndipo upake vanishi mara mbili zikiwa kwenye vijiti vilivyochomekwa kwenye kiazi.

Vitenge usivitungie shanga, maana havipiti tunduni. Suka vipande vitatu, uvishonee kwenye ncha za mkufu, vikae nyuma ya shingo ambako shanga hukwaruza. Hapo utaokoa pia shanga kumi na zaidi.