Vijiji vya Zagori haviko karibu-karibu

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza hivi: mtu akiwa na siku nne za Januari za kuzunguka milima ya Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, apite wapi na wapi? Chini yake mkaongeza sentensi ya kutia moyo, kwamba vijiji vya Zagori, vilivyo katika milima hiyo, viko karibu-karibu na msafiri anaweza kuona vingi kwa siku moja. Swali peke yake ningeliacha lipite. Sentensi ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

Naishi Athens, na milima ile ndiyo ninayoikimbilia likizo ya baridi ikifika. Vijiji vyake haviko karibu-karibu. Kwenye ramani, Monodendri na Papingo vinatazamana, lakini katikati yao limelala korongo la Vikos na hakuna barabara inayolikata. Mwenye gari hurudi nyuma, akazunguka kwa Aristi, akateremka hadi mto Voidomatis, akavuka daraja jembamba, kisha akaanza kupanda kona baada ya kona. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hahitaji maelezo ya barabara hiyo. Aongeze tu barafu kwenye lami, pale upande wa mlima usiopata jua. Kiangazi mzunguko huo huchukua karibu saa nzima. Januari sitamtajia mtu muda.

Zagori ina vijiji 46, na tangu UNESCO ilipoiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023, ratiba zinazosambazwa kwenye simu zimezidi kurefuka: asubuhi Kipoi, saa nne Vitsa, mchana Papingo, jioni Metsovo. Wanaoziandika hawasemi kwamba Januari jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni, na kwa vijiji vilivyobanwa na majabali kivuli huingia mapema kuliko hapo. Wala hawasemi habari ya mvua. Wageni wanaogopa theluji, lakini Epirus ni nchi ya mvua kwanza. Mawingu ya bahari ya Ionia yakigonga safu ya milima ya Pindus yanamwaga yote palepale. Daraja la mawe la Plaka, lililojengwa mwaka 1866 juu ya mto Arachthos, lilipita vita na mengine mengi, likaja kubebwa na mafuriko tarehe 1 Februari 2015. Lilijengwa upya, likakamilika mwaka 2020. Mto ulioweza kubomoa tao lile haushindwi na barabara ya kijijini.

Kwa hiyo nitajibu swali ambalo hamkuliuliza. Sitasema apite wapi. Nitasema akae wapi, na kwa nini akae.

Shangazi yangu alikuja kunitembelea kutoka Lushoto baada ya familia kuhangaikia viza kwa muda mrefu. Ni mwanamke wa milimani, ukungu wa Julai wa Usambara ameuzoea, na aliniambia mapema kwamba hakuja Ulaya kuangalia maduka. Nikampangia Epirus. Tuanze mji wa Ioannina, tulale Vitsa, asubuhi tupande hadi Oxya juu ya Monodendri tulitazame korongo, mchana madaraja ya mawe ya Kipoi, jioni Metsovo.

Ioannina ilimgusa kuliko nilivyotarajia. Ndani ya ngome kuna msikiti wa Aslan Pasha, wa mwaka 1618, ambao leo ni makumbusho, na si mbali na hapo, kando ya msikiti wa Fethiye, ndipo alipozikwa Ali Pasha, mtawala wa eneo hilo enzi za Waosmani, aliyeuawa mwaka 1822 kwenye kisiwa cha ziwani, mwili ukabaki Ioannina na kichwa kikapelekwa Istanbul. Shangazi habari za kichwa hazikumshughulisha. Aliuliza waliokuwa wakisali pale walikwenda wapi. Nikamweleza mabadilishano ya watu ya mwaka 1923, Waislamu wakapelekwa Uturuki na Wakristo wakaletwa Ugiriki. Akasimama pale muda mrefu, mvua ikinyesha, nami nikasimama naye.

Usiku ule Vitsa mvua iligeuka theluji. Kulipopambazuka magurudumu ya gari yalikuwa hayaonekani. Minyororo ya matairi ninayo daima kwenye buti, na kuifunga naweza. Nilikuwa nimekwisha kuitandaza chini mama mwenye nyumba ya wageni alipotoka na koleo lake, akaniangalia, akasema kwa upole: “Wewe utaifunga. Je, anayeteremka kuja mbele yako amefunga ya kwake?” Akasema tukae hadi greda la theluji lipite.

Tukakaa jikoni, maana ndiko kulikokuwa na jiko la kuni. Shangazi hawezi kumtazama mwanamke mwenzake akifanya kazi yeye amekunja mikono, basi akauliza atasaidia nini. Mama alikuwa anatayarisha alevropita, mkate mwembamba wa Zagori: unga, maji, mayai, na jibini la feta lililovunjwavunjwa juu, kwenye trei pana iliyopakwa siagi, kisha tanuri lenye moto mkali. Shangazi alikabidhiwa bakuli la kukoroga. Akaona uji ule mwepesi mno, akaniambia nimwambie mwenzake maji yamezidi. Nikatafsiri. Mama akacheka, akasema mkate ukiwa mnene si wa Zagori. Shangazi akaendelea kukoroga, ila hakukubali hadi alipouonja.

Wakati mkate uko motoni alisogea dirishani. Miteremko mingine juu ya kijiji ilikuwa na miti michanga, membamba, lakini mahali pamoja palisimama kundi la mialoni mikubwa, mizee, yenye vigogo ambavyo watu wawili wasingevikumbatia. Shangazi akauliza: “Ule mbona haukukatwa?” Mgeni mwingine angepiga picha tu. Yeye ametoka mahali ambapo mtu akiona miti mikubwa imebaki peke yake, anajua kuna sababu.

Mama akaacha alichokuwa anafanya. Akasema ule ni msitu wa kanisa. Vijiji vingi vya Zagori vilikuwa na msitu wa namna hiyo, mara nyingi mteremko wa juu ya nyumba. Mapadri walitangaza laana kwa atakayekata, na watu waliiogopa laana hiyo kuliko mahakama. Bibi yake hakuwaruhusu kuokota hata tawi lililoanguka lenyewe. Na msitu nao ulifanya kazi yake: mizizi inashika udongo, vigogo vinazuia mawe na theluji visije juu ya mapaa.

Nilipomaliza kutafsiri, Shangazi akavuta kiti. “Mwambie na kwetu ipo. Msitu wa matambiko, kuni kavu hata kijiti huchukui.” Mama akauliza aliyechukua alipatwa na nini. Basi hapo nikawa mkalimani wa kweli. Mmoja akaleta habari ya mtu aliyekata mti na nyumbu wake akafa kabla ya kufika nyumbani. Mwingine akaleta ya mtu aliyepasua mbao za mlango, na mlango huo ukawa wa kwanza kushika moto. Hakuna aliyemkatiza mwenzake kwa kusema si kweli. Nilikulia chini ya msitu huo wa kwetu na habari ya ule mlango sikuwahi kuisikia. Niliisikia Ugiriki, jikoni kwa mtu, kwa sababu greda la theluji lilichelewa.

Wakaendelea. Wakaulizana bei ya kuni. Wakaulizana watoto wako wapi. Wa mama wako Ioannina na Ujerumani, na katikati ya juma nyumba zinazofuka moshi pale kijijini ni za kuhesabika. Shangazi akasema kwetu moshi upo bado, ila wanaowasha moto ni wazee na wajukuu. Akaoneshwa mafungu ya chai ya mlimani yaliyoning'inizwa kukauka, akanusa, akaomba mbegu. Mbegu hazikuwepo. Akafungiwa fungu zima.

Greda lilipita alasiri. Nikainuka, na mama akasema hapana: theluji iliyoyeyuka mchana huganda usiku na kuwa kioo. Tukalala tena. Chumba alitutoza, chakula alikataa kutoza. Metsovo ikafutika, Kipoi ikafutika. Nilipoyaeleza haya kwa marafiki Athens nilisema, na nimekuwa nikisema hadi leo, kwamba ndiyo safari bora niliyowahi kumpeleka mtu. Kwa hiyo jibu langu kwenu lilikuwa liwe hili: chagueni kijiji kimoja, wekeni mizigo, kaeni.

Lakini lipo jambo lililonirudia nilipokuwa naandika habari ya dirisha lile, na siwezi kuliruka.

Asubuhi ya kuondoka tulipita Monodendri, tukashuka kwa miguu hadi monasteri ya Agia Paraskevi, ya mwaka 1412, iliyojengwa ukingoni kabisa mwa korongo. Niliona ndiyo njia fupi ya Shangazi kuliona, magoti yake yakiruhusu. Ukungu ulikuwa umelijaza lote. Nilisimama nikimwonesha kwa mkono, kule ni ukuta wa pili, chini kule ni mto, kina kinafika takriban mita 900. Mbele yetu kulikuwa na weupe mtupu. Akanishika mkono akasema: “Mwanangu, nimekuamini kwamba lipo.” Tukarudi garini.

Siku ya kwanza, tulipofika kutoka Ioannina, mlima ulikuwa umefunguka kwa muda mfupi mchana. Tulikuwa tumekwisha kutua Vitsa, tunakunywa chai, na nilimwambia hakuna haraka, korongo tutaliona kesho.

Mimi naweza kusema “kesho.” Nina kibali cha kuishi, nina gari, na mwezi wa tano nikitaka nitasimama palepale nione kila jiwe. Shangazi alikuja kwa nauli iliyochangwa na ukoo. Viza ya Shengeni, ya kuingia nchi za Ulaya, hata ikiwa ya kurudi tena, nauli hairudi, na magoti yake leo hayapandi hata ngazi za zahanati. Kukaa kijiji kimoja na kuacha mlima ujioneshe wenyewe ni ushauri mzuri kwa mtu anayeweza kurudi. Wengi wa wasomaji wenu wanaoniandikia kuuliza habari za Epirus wanaleta mzazi aliyekuja mara moja, au wao wenyewe wamekuja mara moja.

Basi kwa hao nasema: zungukeni. Si kwa ratiba zile za vijiji kumi, hilo sitalisema kamwe, lakini zungukeni.

Kutoka Athens mnapita daraja la Rio–Antirrio, lililofunguliwa mwaka 2004, kisha barabara kuu ya Ionia hadi Ioannina. Usiku wa kwanza mlale mjini, si mlimani. Asubuhi mtazame juu. Mlima ukiwa wazi, msiguse daraja la mawe, msikae mgahawani, nendeni moja kwa moja ukingoni mwa Vikos. Daraja la Kipoi lenye matao matatu linapendeza hata kwenye mvua, mkate unaliwa hata usiku, lakini korongo lina saa zake. Njia ya Oxya ikiwa imefungwa kwa theluji, monasteri ya Monodendri inafikika kwa miguu kutoka kijijini. Mchague upande mmoja wa korongo, wa Monodendri au wa Papingo, msijaribu yote mawili kwa siku moja. Usiku wa pili mlale upande huohuo. Mlima ukiwa umefungwa siku hiyo, bakini Ioannina na mjaribu kesho yake. Siku ya mwisho, Metsovo ndiyo salama zaidi, kwa sababu barabara kuu ya Egnatia, iliyokamilika mwaka 2009, inapita chini ya milima kwa mahandaki. Ile ya zamani ya Katara, karibu mita 1,700 kwenda juu, iacheni. Huko Metsovo kuna jumba la sanaa la Averoff na jibini la moshi, na vyote viko ndani, ukungu hauvidhuru.

Haya nayasema kwa masharti. Minyororo iwe kwenye gari kabla ya kuondoka, na aliyekodi aione kwa macho yake, asiambiwe tu ipo. Mafuta mjaze Ioannina. Msiwe kwenye barabara za vijijini baada ya saa kumi jioni. Kama dereva hajawahi kuendesha juu ya theluji, mkodi mtu wa Ioannina anayejua, au mrudi kwenye jibu langu la kwanza mkae kijiji kimoja. Na mwenye nyumba akisema msitoke, msitoke, hata kama mlima umefunguka na mzazi wenu amesimama mlangoni na koti lake. Hilo la mwisho ni gumu kwangu kuliandika, maana kwa Shangazi ningetamani lisingekuwapo.

Kuhusu vyumba: kuanzia Krismasi hadi tarehe 6 Januari, na wikiendi, Wagiriki wenyewe wanajaa, kwa hiyo mweke mapema. Katikati ya juma vyumba vipo ila migahawa mingi ya vijijini hufungwa. Mpigie simu mwenye nyumba kabla hamjapanda, mumuulize kama atapika.