Kuchagua tatizo la kikundi cha kujifunza kwa vitendo: rudisha kwanza hiyo orodha

Mkuu mleta mada, nimekuelewa hivi: umekabidhiwa mameneja 12 na programu ya uongozi ya miezi sita, wagawanywe vikundi viwili vya kujifunza kwa vitendo (action learning), yaani watu wachache wanaokutana mara kwa mara juu ya tatizo halisi la kazini, wanaulizana maswali, wanakwenda kujaribu, wanarudi. Mkurugenzi amekupa orodha ya matatizo manane ya kazini, nawe unauliza uchukue yapi. Jibu langu la haraka ni kwamba uirudishe orodha. Usinichukie bado, ngoja nieleze.

Nimekuwa mwezeshaji wa vikundi hivi kwa miaka kadhaa. Vilivyonifia mkononi ni vingi kuliko ninavyopenda kukiri, na karibu vyote viliharibika siku ya kuchagua tatizo, kabla kikao cha kwanza hakijafunguliwa. Halafu sisi wawezeshaji husingizia washiriki, eti hawakujituma.

Kikundi changu cha kwanza kilipewa kazi ya kushauri mfumo gani mpya ununuliwe kwa ajili ya ghala. Tatizo zuri kwenye karatasi. Kikao cha tatu dada mmoja akaingia, akakaa, akasema mkataba wa mfumo umeshasainiwa, yeye ameuona kwa macho yake. Hakuna aliyegomba. Waliendelea kuja kwa sababu mahudhurio yalikuwa yanaandikwa, basi. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa bosi anayeleta tatizo ni hili: wakija na jibu usilolipenda, utafanya nini? Akianza kuzungukazunguka, najua uamuzi umeshapita.

Kikundi cha pili kilinifundisha jambo jingine. Tatizo lilikuwa kwamba hesabu ya bidhaa kwenye vitabu hailingani na iliyoko ghalani. Wiki ya pili mhasibu mmoja akaketi alasiri moja, akagundua kwamba bidhaa zilizorudishwa na wateja zinaingizwa mara mbili. Kwisha habari. Kampuni ilifurahi, lakini sisi tulibakiwa na vikao vitano vya kutazamana.

Aliyeianzisha njia hii, Reginald Revans, Mwingereza aliyezaliwa 1907 na kufariki 2003, alikuwa mwanafizikia kabla ya kuingia kwenye elimu ya mameneja wa migodi ya makaa ya mawe. Yeye alitenganisha mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nayachanganya. Kwa lugha yetu ningesema kuna kitendawili na kuna tatizo. Kitendawili ukitegwa huenda usijue jibu, lakini mtegaji analo. Ukishindwa unampa mji, anakutegulia. Tatizo halina wa kupewa mji. Watu wenye akili timamu na uzoefu wataliangalia, kila mmoja atakuja na njia yake, na hakuna atakayekuwa mjinga. Revans aliandika kwamba kujifunza ni maarifa yaliyokwisha kupangwa, yale ya vitabuni na kwa wataalamu, ukijumlisha na maswali ya mtu asiyejua. Pale ambapo maarifa yaliyopangwa yanatosha, ita fundi, mlipe, usiwapotezee mameneja muda.

Kipimo changu siku hizi ni rahisi. Nachukua tatizo, nawauliza watu watatu wanaolijua eneo hilo, kila mmoja kwa wakati wake. Wakinijibu sawa, hicho ni kitendawili. Wakipishana, na kila mmoja ana hoja, naliweka pembeni kama mgombea.

Lakini kupishana hakutoshi, na hapa ndipo orodha yako inaponitia shaka. Revans alikuwa na maswali matatu juu ya tatizo lolote: nani anajua, nani anajali, nani anaweza. Maofisini tunahangaika na la kwanza peke yake. Tunakusanya wanaojua. Anayejali, yaani anayelala nalo na kuamka nalo, hayumo chumbani. Anayeweza, mwenye rungu la kuamua, ndiye aliyetuma orodha na hatamwona mtu tena mpaka siku ya mawasilisho. Matatizo yote manane uliyopewa yana mwenyewe mmoja, mkurugenzi, na hayumo kwenye hao 12.

Nikupe mfano wa kilichofanya kazi. Msimamizi wa zamu, mtu mkimya, alipoulizwa alete tatizo lake aliandika: "Vijana wapya wanaacha kazi kabla ya miezi mitatu." Idara ya rasilimali watu ilishalijibu hilo, mshahara. Kikundi kingeweza kulikubali jibu hilo na kwenda nyumbani. Badala yake mwenzake wa idara ya fedha, asiyejua lolote kuhusu zamu, akauliza: kijana mpya akifika siku ya kwanza, anapokelewa na nani? Jamaa akafungua mdomo, akafunga. Hakuwa anajua. Kikao kilichofuata alirudi na jibu: hakuna mtu. Kijana anapewa vifaa na mlinzi, kisha anaambiwa afuate wenzake.

Akaamua awapokee mwenyewe kwa wiki nne. Ikashindikana, maana zamu inapoanza ndipo mashine zinapomhitaji. Akarudi na aibu yake. Wakamuuliza tena, safari hii maswali ya ndani zaidi: kwa nini lazima awe yeye? Ni nani kwenye zamu asiyemwamini kumpa kazi hiyo? Hilo la pili lilimchoma. Ikabainika kwamba alikuwa hajawahi kumkabidhi mtu jambo lolote tangu apandishwe cheo. Hapo ndipo mafunzo ya uongozi yalipoanza kwake, mwezi wa tatu wa programu. Wangapi walibaki kazini baada ya hapo sitasema, kwa sababu sikuhesabu vizuri. Ninachojua ni kwamba miezi baadaye nilimkuta amekaa, na zamu inaendeshwa na mtu mwingine.

Tazama tatizo lile lilikuwa na nini. Lilikuwa lake. Lilikuwa dogo kiasi cha kujaribiwa, kushindwa na kujaribiwa tena ndani ya programu. Na hakuhitaji saini ya mtu kuanza. Kama kazi ya mwisho ya kikundi ni kuandika ripoti ili wengine watekeleze, mtakuwa na kamati. Kamati ni kitu kizuri, ila msiite kujifunza kwa vitendo.

Kuna wanaosema meneja apewe tatizo la idara au kampuni nyingine ili atoke kwenye mazoea. Inawezekana, Revans mwenyewe alifanya hivyo Ubelgiji, mameneja wa ngazi za juu wakienda kushughulikia matatizo ya kampuni zisizo zao. Kwa wakubwa wenye uzoefu inafaa, mradi upande wa pili awepo mtu anayeumwa kweli. Kwa watu wako, na wewe ndiyo unaanza, kila mtu aje na lake.

Utafanyaje sasa? Waombe wote 12 waandike sentensi moja inayoanza na "Mimi nifanyeje ili…" Hiyo "mimi" ndiyo chujio. "Idara ya fedha inachelewesha malipo" ni lalamiko. "Mimi nifanyeje ili wauzaji wangu waendelee kuniamini malipo yanapochelewa" tayari lina kazi ndani yake. Utakayoyakataa ni yale ambayo ukiyavua nguo unakuta jina la mtu: "ushirikiano hafifu katika timu" ambao kila aliye chumbani anajua ni fulani. Hilo ni la mazungumzo ya watu wawili, mlango umefungwa. Halafu kila mmoja apate kwa bosi wake ruhusa ya maandishi, mistari miwili inatosha, kwamba anaweza kubadili nini bila kuomba tena.

Kuhusu ile orodha, usimwambie mkurugenzi kuwa ni mbaya. "Kuongeza ari ya wafanyakazi" na "kuboresha mawasiliano" ni vichwa vya habari, hata aliyeziandika hawezi kusema Jumatatu aanze wapi. Ila mbili ningezibandika ukutani siku ya kwanza, ile ya makabidhiano kati ya zamu na ile ya wateja wa zamani wanaoondoka bila kulalamika, kisha ningenyamaza nione nani anasimama kusema "hili ni langu". Asiposimama mtu, zing'oe. Akisimama, mpeleke yeye kwa mkurugenzi akaombe hiyo mistari miwili, wewe usiende naye.