Huyo imamu wa Morocco hakukosea

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama imamu wa Morocco uliyemsikia akisoma "Maliki yawmid-din" bila kuvuta ile "maa" ameharibu Fatiha. Hapana, hajaharibu kitu. Amesoma kwa riwaya ya Warsh, yaani namna ya kusoma Qur'ani aliyoipokea Warsh kutoka kwa Nafii, imamu wa kisomo wa Madina. Sisi tumezoea riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, imamu wa kisomo wa Kufa, ndiyo maana masikio yetu yanashtuka. Kwa Hafs ni "Maaliki", Mwenye kuimiliki siku ya malipo. Kwa Warsh ni "Maliki", Mfalme wa siku hiyo. Maana mbili, zote ni sifa Zake, na mimi naona uzuri mkubwa hapo.

Utasikia mengine pia: "muuminuna" bila hamza (ule mkato wa sauti kooni), au "wadh-dhuhaa" ikielekea kidogo kwenye "e". Hiyo si lafudhi ya kwao tu, ni kanuni zilizopokewa kwa isnadi, mwalimu kwa mwalimu. Mwanachuoni Ibn Mujahid, aliyefariki 936 Miladia, alikusanya visomo saba. Baadaye Ibn al-Jazari akathibitisha vitatu zaidi, vikawa kumi.

Hafs imeenea sana kupitia msahafu uliochapwa Cairo 1924. Lakini Libya wengi husoma riwaya ya Qalun, na Sudan utaikuta riwaya ya ad-Duri.

Ila tafadhali usichanganye visomo kwenye swala kwa kuiga video. Kajifunze kwanza mbele ya ustadhi.