Waajiri kwenye mtaala wa hisabati: maswali yenu na majibu

Wiki hii maswali mengi yamehusu hii habari ya vyuo kuwaita waajiri wakae na idara ya hisabati kupanga kozi. Nimechukua machache, mengine yalikuwa yanajirudia.

Tuliwaita waajiri kwenye kikao cha kupitia mtaala. Wakasema wanataka wahitimu wanaojua kuwasiliana na kufanya kazi kwa timu, wakanywa chai, wakaondoka. Tulikosea wapi? (Mwalimu wa idara)

Swali lenu ndo lilikuwa bovu, mwalimu. Ukimuuliza mtu "unataka nini" atakutajia yale yale ya kwenye matangazo ya kazi, na mara nyingi anayekuja ni bosi au mtu wa HR ambaye hajashika hesabu miaka kibao. Muombeni awalete vijana aliowaajiri juzi juzi, halafu muwaulize kitu kimoja tu, kazi ya kwanza iliyokutoa jasho ilikuwa ipi? Hapo ndo utasikia mambo. Chukua kituo cha huduma kwa wateja kwa simu, kijana anapewa faili la simu zilizoingia anaambiwa tupe idadi ya wahudumu wa Jumatatu asubuhi. Anakumbuka nadharia ya foleni, yaani hesabu za watu wanaosubiri huduma, anatafuta fomula, anaingiza namba, jibu linatoka safi kabisa na ni jibu baya, kwa sababu lile faili lina simu zilizopokelewa tu, waliochoka kusubiri wakakata hawamo, na fomula aliyoshika yenyewe inachukulia kwamba hakuna anayekata. Darasani hajawahi kufundishwa kuuliza "hawa waliokata mnawaandika wapi?" maana maswali ya mtihani huja yameshasafishwa. Taarifa ya namna hiyo ndo ya kuitafuta kwa mwajiri. Mada mpange wenyewe, ndo kazi yenu.

Si ndo mwisho wa hisabati tupu hapo, ile isiyolenga matumizi ya kazini? Mwajiri gani ataomba nadharia ya namba? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

Hofu yako ina ukweli kidogo, maana wapo watu wakipewa nafasi wataondoa kila kitu ambacho hawakioni kazini kwao. Ila ukiangalia yaliyotokea huko nyuma hawana hoja. RSA, njia ya kuficha ujumbe ya mwaka 1977 iliyokuja kulinda mambo mengi ya intaneti, inategemea kanuni ya mwanahisabati Euler ya karne ya 18, ambayo ni nadharia ya namba hiyo hiyo, na enzi za Euler hakuna mwajiri aliyeiomba. Sasa geuza upande wa pili: A. K. Erlang alikuwa akifanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, mwaka 1909 akaandika kuhusu namna simu zinavyoingia, na nadharia ya foleni ikaanzia hapo. William Gosset alikuwa kiwanda cha bia cha Guinness, akahangaika na sampuli ndogo ndogo, mwaka 1908 akatoa jaribio la t, la kupima kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ya bahati tu, ambalo wote tunakaririshwa kwenye takwimu, tena alichapisha kwa jina la "Student" kwa sababu kampuni haikutaka wafanyakazi watumie majina yao. Yaani shida za kazini zimezaa hisabati ya kweli kweli. Analisisi na aljebra ziachwe kama zilivyo, mimi sioni sababu ya kuzigusa, nafasi ya mwajiri itafutwe kwenye modeli, takwimu na miradi.

Kwa nini chuo kisifundishe programu tunayotumia ofisini? (Mwajiri)

Hapana boss. Ukibadilisha programu kesho kutwa itakuwaje? Chuo kimpe mwanafunzi lugha moja ya kompyuta, iwe Python au R, aishike mpaka aweze kuandika kodi mwenyewe na kuikagua, hiyo ya kwako mfundishe wewe.

Mbona kwa aktuaria, hesabu za bima na pensheni, hii kitu inafanya kazi bila kelele?

Kwa sababu kule kuna bodi yenye mitihani yake. Ile ya Uingereza, Institute and Faculty of Actuaries, inawasamehe baadhi ya mitihani waliofaulu kozi ilizozikubali chuoni, kwa hiyo idara inajua kabisa inalenga nini. Gharama yake ni kwamba bodi ikibadilisha, nawe unabadilisha, kama ilivyokuwa walipoleta mtaala mpya mwaka 2019. Kazi nyingine nyingi za watu wa hesabu hazina bodi ya hivyo.

Kampuni imekubali kutupa mradi. Tunausahihishaje, na data zao za siri je? (Mwalimu)

Kwanza ufanye wewe mwenyewe kabla wanafunzi hawajauona, utashangaa. Data wazifute majina au watengeneze za kufanana, na makubaliano yaandikwe mapema kabisa. Kwenye alama, mimi napenda ripoti ya kurasa mbili kwa meneja asiyejua hesabu, na nyuma yake hesabu zote, vyote viwili vina alama. Mwajiri asikilize, aulize maswali, atoe maoni yake lakini alama atoe mwalimu, maana yeye atapenda jibu linalompendeza hata kama hoja imetoboka. Kama muhula mzima ni mzigo, igeni utaratibu ulioanzia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1968, wa wiki moja, ambapo kampuni zinaleta matatizo Jumatatu, watu wanakesha nayo, Ijumaa wanaeleza walipofikia. Hakuna anayedai jibu kamili, na kampuni bado zinakuja.

Hatuna kampuni kubwa karibu na chuo.

Nani kasema lazima iwe kampuni? Hospitali ina foleni na ratiba za zamu, mamlaka ya maji ina mabomba yanayovuja. Anzeni na wahitimu wenu wa zamani, hao hawaombwi mara mbili. Ila muwaambie ukweli mapema kwamba badiliko la kozi linapita idara, kitivo na seneti na linaweza kuchukua mwaka au zaidi, wasipoona kitu wakadhani mmewapuuza, kikao kijacho mtakaa wenyewe.