Weka hio chupa chini kwanza, ndio tuongee

*Shangazi, salaam aleikum. Mimi ni mama wa Shella hapa Malindi, kijana wangu ana miaka mitano, ana usonji, bado hasemi. Rafiki yangu alinitia kwa grupu la WhatsApp la wazazi, wakaniuzia matone, chupa mbili unachanganya inageuka manjano unampa na maji kila saa. Sasa anaharisha, anatapika, na chooni kunatoka vitu kama nyuzi. Wao wasema ni sumu na minyoo inatoka, niongeze matone. Na kweli ametulia, harukiruki kama zamani. Mavyaa naye ampeleka kwa mwalimu anywe kombe, maji ya kuoshea aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani. Bwanangu yuko Doha, hajui pesa zimeenda wapi. Na sasa grupu lasema kuna sindano Mombasa ya kutoa zebaki mwilini. Nifanyeje kuharisha kupungue ili dawa ifanye kazi?*

Waalaikum salaam mwanangu. Vile ulivyouliza siwezi kukujibu, manake kinachomharisha ni hio dawa yenyewe. Acha leo. Sisemi upunguze matone, acha kabisa, na usiogope kuacha ghafla, hakuna kitu mwilini mwake kitakachoikosa.

Kwa vile ulivyoeleza, chupa moja ni sodiamu kloraiti na ya pili ni asidi, zikikutana zinatoa klorini daioksaidi. Hio inatumika viwandani kupaushia karatasi, na kwa kipimo kidogo sana kusafishia maji. FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa, ilionya watu wasiinywe 2010, ikaonya tena 2019, na kule Florida baba na wanawe watatu walifungwa 2023 kwa kuiuza, walikuwa wakiiuza kwa jina la kanisa. Haitibu usonji. Inachoma tumbo, inatapisha, inaharisha mpaka maji ya mwili yanaisha na presha inashuka. Zile nyuzi mara nyingi ni ute na utando wa ndani wa matumbo unaobanduka. Kama wasiwasi wako ni minyoo, peleka choo maabara kipimwe, dawa ya minyoo ipo na ni rahisi.

Sasa skiza hapa vizuri, manake hapa ndipo walipokushika. Mtoto akipata nafuu wanasema dawa imefanya kazi, akiumwa wanasema sumu inatoka, akizidi kuumwa wanasema basi ongeza. Waulize hao maadmini, ni dalili gani mtoto akiionyesha mtaniambia hii dawa haimfai? Hawana. Dawa ya kweli ina dalili ambayo daktari akiiona anasema simamisha, hii yao haina, kila baya limeshageuzwa likawa zuri, na wewe mama umeachwa unamuangalia mwanao akitapika na unaambiwa ufurahi.

Na huko kutulia kwake ndiko kulikonitisha kuliko nyuzi. Mtoto aliyeharisha siku nyingi hana nguvu za kuruka. Na huyu wako hana maneno ya kukwambia tumbo laniuma, kwa hivyo muangalie mwili: akijiuma mkono, akijipiga kichwa, akiegemeza tumbo kwenye kiti, akiamka usiku analia bila sababu, wengi hapa mtaani watakwambia ndio usonji huo, lakini yaweza kuwa ni maumivu tu na hana njia nyingine ya kuyasema.

Saa hii mpe ORS, soma pakiti, kuna za nusu lita na za lita moja, usikisie. Kijiko kimoja kimoja, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena polepole. Najua watoto wetu hawa wakikataa ladha wamekataa, jaribu kikombe chake anachokipenda au bomba la sindano lisilo na sindano, umtilie pembeni ya shavu kidogo kidogo. Halafu leo leo mpeleke hospitali na uzibebe chupa zote mbili, usione haya, watataka kuona maandishi. Wambie na vitamini zote unazompa, manake hata vitamini D ikizidi inapandisha kalsiamu na kuumiza figo. Ukiona macho yamezama, hakojoi, amelegea, ana damu kwa choo, midomo imegeuka buluu au mkojo mweusi kama kola, usingoje hata dakika, chukua tuktuk uende. Mambo ya midomo na mkojo nayataja kwa sababu huku pwani wavulana wengi wana upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu, wengine hata wazazi hawajui, na kemikali za namna hii zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu zao. Waulize wampime.

Ile sindano ya Mombasa, hapana. Dawa za kutoa madini mwilini zina kazi yake kwa mtu aliyepimwa akakutwa na sumu ya madini ya risasi, ile lead, sio kwa usonji. Pennsylvania, Marekani, 2005 mtoto wa miaka mitano, umri wa wako, alidungwa dawa ya namna hio, kalsiamu ya damu ikashuka moyo ukasimama. Alipelekwa na wazazi wanaompenda kama unavyompenda wako.

Kwa mavyaa usifanye vita. Kusomewa hakumdhuru mtoto, kombe la zafarani kwenye sahani safi na maji safi sina neno, ila kuchanjwa wembe na kufungiwa chumbani na moshi wa kufukiza ukatae kwa adabu na umwambie daktari ndiye aliyekataza.

Akishapona tumbo, uliza kituo cha EARC kilicho karibu nawe, kinachopima watoto wenye mahitaji maalum kwa ajili ya masomo, wamtathmini, ni cha serikali, na hospitalini uliza mtaalamu wa matamshi na wa okupesheno, anayefundisha kazi za kila siku. Ni kazi ya polepole, picha za kuonyesha anachotaka, kungoja zamu, kuvaa shati, na nyingi yake utaifanya wewe nyumbani. Asipolala au akifunga choo mara kwa mara, hayo yana matibabu yake. Akikodoa macho na kupotea kidogo sema pia, manake kifafa kinawapata zaidi watoto wenye usonji na kina dawa zake.

Bwanako mpigie usiku huu kabla hajaskia kwa mamake. Mwambie nimenunua kitu nikitafuta nafuu ya mtoto wetu, kimemdhuru, nimeacha, niko naye hospitali. Pesa atauliza, na mjibu ukweli. Grupu utatoka ukiwa tayari, lakini kabla ya kutoka weka ujumbe mmoja useme kilichompata mwanao, kuna mama mwengine humo anahesabu matone saa hii. Halafu niandikie, nataka kujua ameamkaje.