Kwa anayetaka kununuliwa hisa za DSE na "jamaa wa Ngamiani"

Usitume hiyo hela! Umeuliza kama inalipa kununua hisa za DSE, yaani soko lenyewe la hisa la Dar es Salaam, na kama masoko ya Afrika Mashariki yataungana. Halafu katikati umechomekea kwamba kuna jamaa pale Ngamiani, Tanga, ana akaunti, atakununulia kupitia kwake. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Mwaka 2016 DSE walipouza hisa zao kwa umma, shilingi 500 kila hisa, nilimkabidhi mtu wa aina hiyo milioni moja ya hisa 2,000. Alikuwa akizunguka maofisini hapa Tanga na faili kwapani, anajua kila kitu: soko limesajiliwa 1996, biashara imeanza Aprili 1998 na hisa za TOL, kampuni ya gesi, soko la wenzetu wa Nairobi limeorodhesha hisa zake lenyewe 2014. Na yote kweli, ndiyo maana alituweza! Akaniandikia stakabadhi ya kitabu cha dukani, muhuri wa zambarau, "malipo ya hisa". Namba ya CDS, ile akaunti ya kuhifadhi hisa sokoni, haipo. Jina la dalali halipo. Fomu kajaza jina lake yeye.

Gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, likatoka, likaingia benki kwake. Ukimuuliza, "mfumo unasumbua, kaka." Ilipofika ada ya mtoto nikataka kuuza, nikapanda basi Kange hadi kwa dalali wa halali Dar. Dada wa watu akaandika jina langu, akarudia kwa namba ya kitambulisho, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe: hakuna. Mwenye hisa ni yule aliyeandikwa kwenye hifadhi ya soko. Ile stakabadhi yangu ilikuwa na nguvu sawa na risiti ya genge la nyanya. Na yule bwana mpaka leo anakula gawio langu, tukikutana msikitini ananipa mkono. Mtu mzima na ndevu zake!

Fungua akaunti ya CDS kwa jina lako, kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko haya. Siku hizi hata simu inatosha, ipo programu ya DSE, Hisa Kiganjani. Namba ya akaunti itangulie, hela ifuate. Ukishanunua, dai karatasi ya dalali yenye idadi, bei na ada, kisha ingia kwenye akaunti uzione hisa kwa macho yako. Hata anayekununulia akiwa shemeji yako. Hata ukihamia hatifungani, yaani kuikopesha taasisi ikulipe riba, kama ile ya mamlaka ya maji ya Tanga UWASA, ni hivyo hivyo.

Hayo ya masoko kuungana, Afrika Magharibi nchi nane zina soko moja Abidjan, BRVM, tangu 1998. Huku kwetu kila nchi bado... lakini ngoja kwanza, huyo jamaa ameshakupa namba ya kumtumia hela? Niandikie faragha jina lake sasa hivi. Akiwa ndiye yuleyule, kesho asubuhi tunaonana kituo cha polisi Chumbageni, nami nakuja na stakabadhi yangu.